Tarehe ya kujifungua: jinsi ya kuihesabu mwenyewe na kuifuata mimba hatua kwa hatua

Kila siku ya kliniki swali langu la kwanza ni lile lile: "Dada, siku zako za mwisho uliziona lini?" Na jibu ninalolipata mara nyingi ni, "Mwezi wa tatu, kama katikati hivi." Hiyo "kama katikati hivi" ina siku kumi ndani yake, na siku kumi katika mimba ni nyingi. Mimi ni muuguzi mkunga. Naandika mwongozo huu kwa sababu kila mwanamke anaweza kuihesabu tarehe yake mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, kabla hajafika kwenye benchi la kliniki.

Tarehe hiyo haipo kwa ajili ya kununua nguo za mtoto tu. Ndiyo inayosema lini uanze dawa ya kuzuia malaria, ndiyo inayotuambia kama uchungu ulioanza usiku huu ni wa mtoto aliyekomaa au wa njiti, na ndiyo inayotuambia lini kungoja kumeanza kuwa hatari. Ikikosewa mwanzoni, yote yanayofuata yanakosewa nayo.

Tafuta siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho

Tunachotafuta ni siku damu ilipoanza kutoka. Wengi hunipa siku waliyomaliza, kwa kuwa ndiyo waliyooga na kurudi kuswali, au ndiyo wanayoikumbuka kwa sababu nyingine. Tofauti hapo ni siku tano, sita. Kwa hiyo jiulize: niliamka lini nikakuta nimeingia mwezini?

Halafu jiulize pia kama hedhi hiyo ilikuwa ya kawaida yako. Wapo wanaoona matone mepesi ya siku moja au mbili karibu na siku walizotarajia, kumbe mimba imeshaingia. Kama ilikuwa nyepesi kuliko kawaida na ikakatika upesi, mwambie mkunga, na mpe pia tarehe ya ile iliyotangulia.

Usipokumbuka, usibuni. Tafuta tukio la kushikilia: wiki ya kufungua shule, harusi ya jirani, safari ya msibani, siku ya mshahara. Kwetu pwani kuna kumbukumbu moja nzuri kuliko zote. Alinijia binti mmoja, mimba ya kwanza, tarehe hana kabisa, anatazama chini. Nikamuuliza, "Ramadhani ulikula siku ngapi?" Akajibu papo hapo: "Sita. Nilianza kula siku ya kumi na nne, ishirini nikarudi kufunga." Na baada ya hapo? "Sikuona tena. Sita za mfungo mosi nimezifunga mfululizo." Tukaiangalia kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe mbili, tukaipata siku yake kamili. Mwanamke anayejua deni lake la saumu anaijua tarehe yake, hata kama hajui kuwa anaijua.

Sasa piga hesabu

Kanuni tunayoitumia ni ya daktari wa uzazi Mjerumani, Franz Karl Naegele, aliyefundisha Heidelberg karne ya 19. Inahesabu mimba kuwa siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Sisi tunaoita miezi kwa namba tuna bahati, maana hesabu inakuwa nyepesi sana: ongeza siku 7 kwenye tarehe, kisha ongeza 9 kwenye mwezi. Mwezi ukizidi 12, badala ya kuongeza 9 toa 3, na mwaka uwe unaofuata.

Tuseme hedhi ilianza tarehe 10 mwezi wa 3, 2025. Kumi ukiongeza saba ni 17. Tatu na tisa ni 12. Tarehe ya kujifungua ni 17 mwezi wa 12, 2025.

Tuchukue ngumu kidogo: tarehe 28 mwezi wa 7, 2025. Ishirini na nane ukiongeza saba ni 35, na mwezi wa 7 una siku 31, kwa hiyo tumeingia tarehe 4 mwezi wa 8. Nane ukitoa tatu ni tano. Tarehe ni 4 mwezi wa 5, 2026. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanatoa miezi mitatu kwenye mwezi wa 7 na kusahau kwamba siku saba zimeshawavusha kwenda wa 8.

Ukiingiza mfano wa kwanza kwenye programu ya simu, itakupa tarehe 15 mwezi wa 12 badala ya 17. Simu haijakosea, na mimi sijakosea. Simu inahesabu siku 280 moja moja, na kanuni yetu inaruka kwa miezi, ambayo mingine ina siku 30 na mingine 31. Siku mbili hizo hazina madhara yoyote.

Kujua una wiki ngapi leo, hesabu siku zote tangu hedhi ilipoanza, gawanya kwa 7. Kwa yule wa tarehe 10 mwezi wa 3, tuseme leo ni tarehe 2 mwezi wa 6: siku 21 zilizobaki mwezi wa 3, 30 za mwezi wa 4, 31 za mwezi wa 5, na 2 za mwezi wa 6. Jumla 84. Gawanya kwa 7, unapata wiki 12 kamili.

Kama mzunguko wako si wa siku 28

Kanuni hiyo inadhani mzunguko wako ni wa siku 28 na yai linatoka siku ya 14. Lakini yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko mrefu hushika mimba baadaye. Marekebisho ni rahisi: mzunguko wa siku 35 una siku 7 za ziada, basi ongeza 7 kwenye tarehe uliyopata. Wa siku 24 umepungukiwa na 4, toa 4. Yule wetu wa tarehe 17 mwezi wa 12, kama mzunguko wake ni wa siku 35, tarehe yake ni 24.

Wapo ambao hesabu hii haiwafai kabisa, na hawana kosa lolote. Aliyekuwa anatumia sindano ya uzazi wa mpango, maana hedhi huweza kuchelewa kurudi miezi mingi baada ya kuacha. Anayenyonyesha ambaye ameshika mimba kabla hajaona siku zake. (Huyu hujificha nyumbani kwa kuogopa kuambiwa amembemenda mtoto, na matokeo yake anakuja kliniki tumbo limeshapita kitovu. Njoo, mama. Tunachotaka ni kukupima.) Na mwenye siku zinazovurugika, mara wiki tatu, mara miezi miwili. Hawa wote dawa yao ni ultrasaundi ya mapema.

Wiki mbili zinazovunja nyumba

Hapa naomba uninyamazie unisikilize, kwa sababu nimeona machozi juu ya jambo hili. Mume ni dereva wa lori. Amerudi safari, amekaa na mkewe, mimba imeingia. Wamekuja kliniki pamoja, nimeandika kwenye kadi: wiki 12. Yule bwana akainama kwenye kadi, akahesabu kwa vidole, uso ukabadilika. "Nesi, mimi nimerudi wiki kumi tu zilizopita."

Ni kweli, na mkewe ni mkweli. Wiki za mimba zinahesabiwa tangu hedhi ya mwisho, na wakati huo mimba haikuwepo bado. Yai hutoka wiki kama mbili baadaye. Kwa hiyo mimba ya "wiki 12" kwenye kadi ina umri wa wiki 10 tumboni. Tunahesabu hivi kwa sababu siku ya hedhi inaonekana, siku ya yai kukutana na mbegu haionekani. Tena mbegu za mwanamume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano, kwa hiyo hata siku ya kukutana kwenu si lazima iwe siku ya mimba kuingia.

Yule bwana nilimchorea mstari kwenye karatasi: hapa hedhi, hapa ulirudi, hapa leo. Akautazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati. Wakunga wenzangu, tusimwandikie mtu wiki bila kumweleza zinaanzia wapi.

Ultrasaundi: ya kwanza ndiyo yenye nguvu

Mtoto akiwa mchanga sana tumboni, watoto wote hukua karibu sawa. Kabla ya wiki 14 mtaalamu anampima urefu kutoka utosini hadi makalioni, na tarehe inayotoka hapo haipotei kwa zaidi ya siku 5 hadi 7. Ikifika katikati ya mimba, kosa linaweza kufika wiki moja hadi mbili. Baada ya wiki 28 kosa linaweza kufika wiki tatu, maana sasa kila mtoto anakua kwa mwili wake, mwingine mnene, mwingine mwembamba. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate walau kipimo kimoja kabla ya wiki 24. Kama fedha yako ni ya kipimo kimoja tu, itumie mapema. Wengi huiweka hadi mwezi wa nane ili wajue jinsia.

Kanuni yenyewe ni hii. Kama una uhakika na hedhi yako na ultrasaundi ya mapema imetofautiana nayo kwa siku chini ya saba, baki na tarehe ya hedhi. Ikizidi hapo, fuata ultrasaundi. Ukishaipata tarehe hiyo, iandike kwenye kadi na isibadilishwe tena na vipimo vya baadaye.

Nalisisitiza hili kwa sababu kila wiki naletewa karatasi mbili au tatu zenye tarehe tofauti, na mama hajui ashike ipi. Kuna hatari ndani yake. Tuseme kwa tarehe ya mapema una wiki 34, na kipimo cha leo kinasema wiki 31. Ukifurahi kwamba "kumbe bado", unaweza kuwa unamfunika mtoto ambaye hakui vizuri. Mashine inaona udogo wake na kuusoma kama uchanga. Ni lazima mtu aulize kwa nini ni mdogo: kondo la nyuma linafanya kazi? Presha ya mama ikoje? Beba karatasi zote, zipange kwa tarehe, na mwonyeshe daktari ile ya kwanza kabisa.

Pasipo na mashine, tepu na mikono bado vinasema mengi. Wiki 12 mfuko wa uzazi ndiyo unaanza kushikika juu ya mfupa wa kinena. Wiki 20 umefika kitovuni. Wiki 36 uko chini ya chembe ya moyo. Kuanzia wiki 24 hivi, sentimita za tepu kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko hukaribiana na idadi ya wiki, kwa tofauti ya mbili. Tepu ikizidi sana tunafikiria mapacha, maji mengi au uvimbe. Ikipungua tunafikiria yule mtoto asiyekua. Kucheza kwa mtoto nako ni alama: mimba ya kwanza huhisiwa wiki ya 18 hadi 20, mzazi wa pili na kuendelea huhisi mapema zaidi. Andika siku hiyo.

Miezi tisa au kumi?

Ukigawanya wiki 40 kwa 4 unapata 10, na ndiyo maana mtu wa wiki 36 huja ananiambia, "Nesi, miezi tisa imetimia, mbona kimya?" Mwezi wa kalenda una wiki nne na siku mbili tatu. Kwa kalenda ya kawaida mimba ni miezi tisa na wiki moja. Kwa mwezi mwandamo ni miezi tisa na nusu. Acha miezi, hesabu wiki. Wiki hazina ubishi.

Miezi mitatu ya kwanza: hadi wiki 13

Hiki ndicho kipindi ambacho nje hakuna kinachoonekana na ndani kila kitu kinajengwa. Moyo unaanza kupiga karibu na wiki ya 6. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga wiki hiyo hiyo, wakati wanawake wengi wamechelewa siku zao kwa wiki mbili tu na bado wanajiuliza. Ndiyo maana asidi ya foliki inafaa kuanza hata kabla ya kushika mimba. Wiki ya 10 viungo vikuu vimeshapangika, mtoto ana urefu wa sentimita tatu hivi.

Mama yeye anapambana na kichefuchefu, usingizi mzito, mate mengi, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Ukitapika hata maji hayakai, mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, nenda hospitali. Hamu ya kula udongo ikikujia, sema kliniki upimwe wingi wa damu, maana mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huleta minyoo.

Njoo kliniki kabla ya wiki 12. Utapimwa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, presha na mkojo, na utaanza vidonge vya kuongeza damu. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au damu kutoka, hayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Miezi mitatu ya kati: wiki 14 hadi 27

Nguvu zinarudi, chakula kinapita, uso unang'aa. Hiki ndicho kipindi chepesi. Kuanzia wiki ya 13 unaanza dozi ya SP ya kuzuia malaria, vidonge vitatu mbele ya muuguzi, kisha unarudia kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Anayetumia Septrin kila siku hapewi SP. Dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda ni humu humu, na chandarua chenye dawa kila usiku.

Wiki ya 20 mtoto ana uzito wa gramu 300 hivi, na mkunga anaweza kuusikia moyo wake kwa kile kibomba cha kusikilizia: mapigo 110 hadi 160 kwa dakika, kasi ambayo huwashtua akina baba. Tangu wiki hiyo presha inaanza kutafutwa kwa jicho kali. Kichwa kuuma kusikotulia, maruweruwe machoni, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla: hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa cha mjamzito hakitulizwi kwa panadoli na kulala.

Miezi mitatu ya mwisho: wiki 28 na kuendelea

Mtoto sasa ana kilo moja hivi, na uzito mwingi atauongeza kuanzia hapa. Wewe utakuwa na kiungulia, miguu kujaa jioni, na safari za chooni usiku. Lala kwa ubavu.

Ujue mchezo wa mtoto wako, anachangamka saa ngapi na anatulia saa ngapi. Akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, nenda hospitali muda huo. Nasikia sana maneno kwamba mtoto hutulia siku za kujifungua zikikaribia. Si kweli. Anabanwa na nafasi, namna ya kucheza hubadilika, lakini hanyamazi. Usingoje asubuhi.

Uchungu, maji au damu vikitokea kabla ya wiki 37, huyo ni njiti, na hapa tarehe yako inafanya kazi kubwa kuliko siku zote. Hospitalini kuna sindano za kumsaidia mtoto mapafu yakomae, hutolewa hasa kati ya wiki 24 na 34. Daktari atakuuliza una wiki ngapi. Jibu liwe mdomoni na kwenye kadi.

Chora dirisha lako: kutoka kwenye tarehe ya kujifungua, rudi nyuma wiki tatu, kisha nenda mbele wiki mbili. Kwa yule wa 17 mwezi wa 12, dirisha linafunguka tarehe 26 mwezi wa 11 na kufungwa 31 mwezi wa 12. Watoto wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa ni wachache mno, kama wanne au watano katika mia. Kwa hiyo begi liwe tayari wiki ya 36: kanga safi, nguo za mtoto, pedi, vifaa ulivyoagizwa na kituo chako, kadi, na nauli ya usiku ambayo haiguswi. Namba ya mwenye bajaji iwe kwenye simu yako na ya mumeo. Jueni pia ni nani atakayekuchangia damu ikihitajika.

Tarehe ikipita

Wiki ya 40 ikipita bila dalili, nyumbani huanza maneno. Shangazi anapiga simu, mama mkwe analeta kikombe cha dawa ya mitishamba ya kuleta uchungu. Mheshimu, mwamkie, mshukuru, na usinywe. Dawa hizo hazina kipimo. Zinaweza kuubana mfuko wa uzazi hadi mtoto akakosa hewa, au mfuko ukapasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji.

Ukiwa wiki 40 hadi 41, endelea na kliniki na uangalie mchezo wa mtoto. Ukitimiza wiki 41 kwa tarehe ya uhakika, nenda hospitali na kadi yako uzungumze na daktari kuhusu kuanzishiwa uchungu. Usifikishe 42 ukiwa nyumbani, maana kondo huanza kuchoka.

Uchungu wa kweli huja kwa mpango: unakaza, unaachia, unarudi, na kila saa unazidi kuwa mrefu, mkali na wa karibu karibu. Ukitembea hauishi. Unaweza kutanguliwa na ute wenye damu kidogo. Chupa ikipasuka, nenda hata kama hakuna maumivu, na tazama rangi ya maji: yakiwa ya kijani au kahawia, mwambie mkunga neno la kwanza unapofika mlangoni. La pili mwambie wiki zako.